Je, wingi wa aina za samaki unatosha kupima hali ya maziwa yetu?

Mwalimu wa Jiografia
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninafundisha sekondari hapa Tanzania, na wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo vitabu vya kiada havilijibu vizuri. Tunayo maziwa makuu ya Victoria, Tanganyika na Nyasa, na pia maziwa ya magadi kama Natron, Manyara na Eyasi. Je, tukitaka kujua ni lipi lililo salama na lipi linalodhoofika, inatosha kuhesabu aina za samaki? Kwa kipimo hicho Nyasa, lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, lingeshika nafasi ya kwanza na Natron lingeburura mkia, jambo linalonitia mashaka.

Mkaa Ufukweni
Mwalimu, mashaka yako yana msingi. Natron lina aina chache tu za perege wadogo wanaoishi kandokando, karibu na chemchemi za maji moto, na uchache huo si dalili ya ugonjwa. Magadi yake makali ndiyo yanayolifanya kuwa mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki: ndege hao hujenga viota vya tope mbali na ukingo, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi. Maji yakijaa kupita kiasi viota huzama, na yakikauka sana wanyama wala nyama huvuka. Mtu akiona samaki wa maji baridi wakianza kuzagaa Natron asifurahi, kwa kuwa maana yake ni kwamba magadi yamezimuliwa.

Mdau wa Uvuvi
Naomba niongeze habari za Victoria. Kabla ya sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, kupandikizwa, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa hilo lilikuwa na furu, samaki wadogo wa jamii ya perege, wa aina zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 500, karibu wote wasiopatikana kwingine. Walikuwamo waliokula mwani, waliovunja konokono na waliochakura matope kutafuta mabaki ya viumbe. Sangara walipofumuka katika miaka ya 1980, aina zipatazo 200 zilidhaniwa kutoweka, wakati huohuo viwanda vya minofu vikistawi na fedha za kigeni zikiingia. Aliyepima ziwa kwa tani za samaki aliona neema tupu.

Hata hivyo, tusimbebeshe sangara lawama yote. Mbolea, udongo wa mashamba na maji taka ya miji vimelirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani umeongezeka na maji yamekuwa mazito. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Mwanga ukififia majini, hushindwa kutofautisha dume jekundu na la buluu, na aina mbili zilizokuwa zimetengana huanza kuchanganyika. Watafiti waliliona jambo hilo katika Ghuba ya Mwanza, na kwangu hilo ndilo linalohuzunisha zaidi, maana aina inaweza kupotea bila samaki wake hata mmoja kunaswa na wavu. Tangu miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa kwa wingi, baadhi ya furu wamerejea, ingawa wapo waliorejea wakiwa wamebadili hata chakula chao.

Mwana wa Kigoma
Huku kwetu tatizo limejificha chini. Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki kabisa. Virutubisho vimelala vilindini, na dagaa na migebuka hutegemea upepo wa kusi uvipandishe. Maji ya juu yanapozidi kupata joto, huwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini, na chakula hupungua. Serikali ilisitisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, nami naunga mkono hatua hiyo kwa dhati, kwa kuwa inawapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hata hivyo, haiwezi kurudisha virutubisho vilivyonaswa chini.

Mwalimu wa Jiografia
Nawashukuru sana. Je, kuna kipimo ambacho wanafunzi wangu wanaweza kukifanya wenyewe bila maabara?

Mdau wa Uvuvi
Kipo, Mwalimu. Kateni sahani ya duara yenye upana wa sentimita 20, ipakeni rangi nyeupe na nyeusi kwa robo zinazopishana, ifungeni uzito na kamba yenye alama, kisha ishusheni majini mkiwa na mtu mzima kwenye mtumbwi, saa za mchana, hadi isionekane. Andikeni kina hicho kila mwezi, mahali palepale, pamoja na hali ya mvua. Katika Victoria, kina kikipungua mwaka hadi mwaka, mwani au udongo unaongezeka. Kwa Natron kipimo hicho hakitawasaidia, kwa kuwa maji yake ni ya kina kifupi na yamejaa viumbe vidogo kwa asili. Huko mtu huanza kwa kufuatilia maji yanavyopanda na kushuka.