Tupeane uzoefu: mliohamia kijijini kando ya ziwa, umeme mmeupataje bila kufilisika?

Babu wa Busisi

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wa tatu tangu mimi na mama watoto tuhame Dar baada ya kustaafu. Tuko upande wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, nyumba imeegemea mawe makubwa kama yale ya Mwanza mjini. Nikikaa barazani saa kumi na moja jioni naona mitumbwi inatoka. Kelele ninayoisikia ni ya ndege, na majirani wakigombana kuhusu mbuzi. Utulivu huu niliuota miaka yote niliyokaa kwenye foleni ya Mbagala.

Ila umeme umenitoa jasho, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nguzo ya mwisho iko karibu kilomita moja kutoka kwangu. Ile 27,000 ya kuunganishiwa umeme vijijini watu wanaitaja kana kwamba ukilipa leo kesho unawasha. Bei ni hiyo kweli, ila ni kwa aliyejenga karibu na nguzo. Mimi niliambiwa nisubiri mradi wa ujazilizi, ule wa kufikisha umeme kwa nyumba zilizorukwa. Nikasubiri mwezi mmoja, uvumilivu ukaisha, nikaenda mjini kununua sola.

Muuzaji akanipigia hesabu ya kichwani: paneli moja ya wati 150, betri moja ya ampia 100, inveta ya wati 1,000. "Mzee, hii inabeba nyumba nzima." Nikaiunga na friji niliyohama nayo Dar. Usiku wa tatu, saa nne na ushei, inveta ikaanza kulia tii, tii, tii. Mama watoto akaamka, tochi ya simu kaibana kwapani, akawa anatoa sato kwenye friji mmoja mmoja na kuwapaka chumvi. Hakusema neno. Angesema ningejitetea. Betri yenyewe haikumaliza miezi minane.

Baada ya hapo ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho. Nilichukua daftari nikaandika kila kitu cha umeme ndani ya nyumba, kinakula wati ngapi na kinawaka saa ngapi, nikazidisha nipate wati-saa. Taa sita za wati 7 kwa saa tano kila usiku: 210. Televisheni wati 45 kwa saa nne: 180. Simu na redio, sema 50. Friji peke yake ilikuwa inakula kama 1,000 kwa siku. Jumla unakaribia 1,450. Sasa betri ya volti 12, ampia 100, ina 1,200 tu, na hizi za maji au gel ukizinyonya zaidi ya nusu kila siku unaziua. Kwa hiyo nilikuwa na 600 za kutumia. Paneli nayo, ikipata jua zuri kwa muda wa saa tano, ukitoa kinachopotea njiani, inaingiza kama 550. Nilikuwa nawaandalia wageni ishirini ugali wa watu wanane, halafu namlaumu mpishi.

Nilichofanya: nimeuza friji ile, nimenunua ndogo inayokula chini ya nusu yake, nikaongeza paneli zikafika wati 600, na betri nikachukua ya lithiamu. Bei yake niliilalamikia wiki nzima. Ila hii unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, na sasa inaingia mwaka wa pili haijanisumbua. Nikijumlisha ile ya kwanza iliyokufa na usafiri wa kuifuata, ya bei rahisi ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Haya, wengine mmefanyaje?

Bibi Musoma

Pole baba. Mimi nguzo iko mlangoni, nilidhani nimeukata. Wakaniwekea kwenye ile bei ya matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi. Ukinunua ya 10,000 unapata kama uniti 82. Raha tupu! Wajukuu wakaja likizo ya Desemba na heta ya kuogea, pasi asubuhi na jioni, na mmoja anachemsha maji ya chai kwa jagi la umeme mara sita kwa siku. Nikapita 75, na mwisho wa yote nikahamishiwa kwenye bei ya kawaida. Sasa 10,000 hiyo hiyo inanipa uniti 28. Na kuna kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inakatwa humo humo kwenye LUKU.

Ushauri wangu kwa mnaokuja: kama mmepata ile bei ndogo, ilindeni kama yai. Maharage ninapikia sufuria ya umeme ya presha, haifiki hata nusu uniti mpaka yaive. Maji ya kuoga nayaweka kwenye pipa jeusi juani tangu asubuhi, jioni yana uvuguvugu wa kutosha mwili wa mzee. Gesi kwa chai. Heta nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi.

Mkazi wa Rusinga

Salamu kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa, huku tunasema stima, msicheke.

Mimi nitaongea maji, kwa sababu mtu akihamia kando ya ziwa anadhani maji si shida, yako pale. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunamlipa kijana atuletee kwa mitungi. Anaingia ziwani hadi magotini kila siku. Alipopimwa akakutwa na kichocho. Mtoto wangu naye, aliyekuwa anamfuata kucheza, akakutwa nacho. Walipewa dawa, wakapona, lakini nikaapa hakuna mtu wa kwangu ataingia tena mle majini kwa ajili ya ndoo.

Fundi mmoja wa Mbita akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Usinunue betri ya pampu. Tangi ndiyo betri." Paneli mbili zimeungwa kwenye pampu moja kwa moja. Jua likitoka inavuta, wingu likija inapunguza, usiku inalala. Maji yanapanda kwenye tangi lililo juu ya nyumba, yanashuka yenyewe. Kuinua lita 1,000 kwa mita 20, kwa hesabu ya fizikia ni kama wati 55 kwa saa moja tu. Hata pampu ikipoteza zaidi ya nusu, bado ni kidogo sana ukilinganisha na hiyo friji ya mzee wa Busisi.

Na tangi ni mbili. Moja inajaa, nyingine imetulia siku mbili ndipo tunaifungua, kwa maana vile vidudu vya kichocho vikikosa mwili wa mtu vinakufa ndani ya huo muda. Ya kunywa bado tunachemsha.

Nshomile Mstaafu

Ninyi wa Musoma na Sengerema mna jua, mnaongea kwa raha. Njooni Bukoba.

Sisi tunapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ziwa usiku linabaki na joto, mawingu ya radi yanajijenga juu yake, halafu upepo wa mashariki unayasukuma kwetu, hivyo alfajiri tunaamshwa na ngurumo na asubuhi nzima ni wingu. Jirani yangu alinunua seti ile ile ya shemeji yake wa Musoma, paneli hizo hizo, betri hiyo hiyo. Ya Musoma inajaa saa saba mchana. Yake saa kumi bado inasuasua, na kuna siku haijai kabisa. Akamshtaki fundi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Masikini fundi wa watu, kosa lake lilikuwa kumwamini shemeji.

Mimi niliongeza paneli, betri nikaiacha ilivyo. Huku kwenye mawingu paneli ya ziada ina faida kuliko betri ya ziada, maana betri kubwa usiyoweza kuijaza ni pambo. Na nimejiwekea sheria: siku mbili za wingu mfululizo, friji inazimwa mchana, tunarudi kwenye ndizi na maharage.

Novemba sasa, msimu wa senene, mtaani kila mtu anataka taa kali za kuwavutia. Wamekuja kuniazima inveta. Nimekataa. Nimeletewa senene kikombe kimoja, nikakubali.

Kijana wa Tegeta

Niko hapa nasoma tu. Kiwanja nimeshalipia, Magu, kinagusa maji kabisa.

Fundi Waya

Wazee wangu shikamooni. Wewe wa Tegeta, kinagusa maji mita ngapi? Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kaulize serikali ya kijiji kabla hujapeleka tofali. Achana hata na sheria. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa nilikwenda kuokoa vifaa vya mteja mmoja. Alikuwa amejenga stoo nzuri kando ya maji, betri nne kazipanga sakafuni. Nilizikuta zimezama hadi shingoni na kambale mdogo anapita katikati yake.

Sasa mambo ya ufundi, nimeona mnataja bei tu. Ukanda huu radi ni nyingi mno. Nyumba yako iko peke yake kilimani, paneli ziko juu ya bati, pale wewe ndiwe mrefu kuliko wote. Waya wa erthi uzikwe kweli, si kuchomekwa nondo ya futi moja kwenye mchanga mkavu ukapiga picha. Kwenye mawe kama ya Sengerema tafuta palipo na udongo wenye unyevu hata kama ni mbali, na waya uwe mnene. Weka na kinga ya radi kwenye nyaya zinazoshuka kutoka kwenye paneli. Ni pesa ndogo ukilinganisha na inveta.

Mlalo wa paneli: huku tuko karibu kabisa na ikweta, jua mwezi wa sita liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Watu wanabishana zielekee wapi. Ielekeze kaskazini, ilaze kidogo tu, nyuzi 10 hivi, ili mvua iweze kuiosha. Ukiilaza kabisa, vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wanagandia pale. Na boliti zichomelewe. Paneli zina miguu, jamani.

Mtu wa Dagaa

Naona mnasifia utulivu. Mimi ni wa Ukerewe, na mimi ndiye ninayewaharibia.

Usiku wa giza, mwezi haupo, tunatoka na taa, na mkitazama ziwa mnadhani kuna mji umejengwa kule. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa, vioo vinapasuka, upepo unazima. Siku hizi wengi tuna taa za betri, mchana zinachajiwa kwa sola mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Nilichojifunza humo nawapa bure: betri inakufa kwa mtu anayesema "ngoja imalizie hizi chache". Kijana wangu mmoja alikuwa haziachi mpaka taa ziwe nyekundu. Zake zilikuwa zinakufa kabla ya zangu, tumenunua siku moja, duka moja.

Mnaotafuta kimya jengeni mbali na mwalo. Jenereta, muziki, injini saa kumi alfajiri. Mwezi ukiwa mkubwa tu ndipo tunapumzika, na ninyi mnalala.

Babu wa Busisi

Nimesoma yote, nimechukua mengi. Fundi Waya, nondo yangu ya erthi ni futi moja na iko kwenye mchanga, hukukosea hata kidogo. Nimeshaongea na fundi wa Mwanza, atavuka keshokutwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anakuja asubuhi na mchana yuko kwake. Zamani tulikuwa tunamlipa na masaa ya kusubiri kivuko.

Kuna jambo moja halijatajwa. Mwezi uliopita betri ilikuwa inajaa saa nane mchana, ghafla ikawa inafika saa kumi na mbili haijajaa, na jua ni lile lile. Nikakagua nyaya, nikakaza boliti, wapi. Mama watoto ndiye aliyetazama juu. Mnandi, wale ndege weusi wanaokausha mabawa, wamefanya paneli zangu kituo chao, na kwenye kona ya chini ya kila paneli kuna uchafu mweupe umeganda, unene wa kidole. Kivuli cha namna hiyo kwenye kona moja kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya nguvu ya paneli.

Nimeosha kwa maji na kitambaa alfajiri, kabla hazijapata moto. Halafu nimechukua mshipi wa kuvulia, nimeuvuta juu ya paneli mara tatu, kimo cha shubiri moja, wasipate pa kukanyaga. Leo ni siku ya nne. Wamehamia kwenye bati la choo.