Fagio za mtama zinakatika ncha na kulegea shingo, tunakosea wapi?

Kikundi_Soroti: Habari za kazi, ndugu. Tunavuna masuke punje zikishakauka ili nafaka isipotee, tunaanika juani siku nne, tunapura kwa fimbo, halafu tunafunga kwa kamba ya katani iliyolowekwa. Wiki mbili tu, ncha zinakatika na shingo inacheza. Wateja wanarudisha. Tusaidieni.

MkulimaKumi: Poleni. Tatizo linaanzia shambani. Punje ikishakauka, njiti (vile vitawi vya suke vinavyofagia) nayo imekuwa ngumu, hukatika badala ya kupinda. Kateni punje ikiwa laini bado, ukiibana kwa kucha inatoa uji mzito, na njiti ni kijani. Unga na ufagio mzuri havitoki kwenye suke moja, kwa hiyo tengeni mistari ya fagio peke yake. Mbegu je? Suke lililofumba kama ngumi halifai hata kidogo. Tafuteni la kutawanyika, njiti sentimita 40 kwenda juu. Epuripur ni mtama wa punje na bia, msiutegemee kwa fagio.

Mama_Lira: Na hiyo fimbo acheni kabisa! Inavunja njiti pale zinapoungana na shina, ufa hauonekani mpaka mtu aanze kufagia. Pigilieni misumari kwenye ubao iwe kama kichana, mvute suke kutoka shinani kwenda nchani. Kuanika ni kivulini penye upepo, safu nyembamba, wiki mbili au tatu. Mkirundika, zinaota ukungu.

Fundi wa shingo: Kuhusu kulegea: katani ikilowa hujifupisha, ikikauka hurefuka. Bua nalo hunywea likikauka. Mnafunga vyote vikiwa bado na maji, lazima shingo icheze. Lowesheni mashina tu, robo saa, yasipasuke mkiyabana. Fungeni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, uvutwe mpaka mwisho. Bua likinywea, mpira unalifuata. Mafungo matatu: chini ya njiti, katikati ya mpini, na juu.

Kikundi_Soroti: Asanteni sana. Na zile zilizokwisha kufungwa?

Fundi wa shingo: Ziacheni zikauke kwanza, kisha ongezeni ukanda wa tyubu juu ya katani. Ncha zilizokatika zisawazisheni kwa mkasi.

Mama_Lira: Chambueni punje zilizobaki, zinaita fukusi na panya. Halafu zitundikwe, zisisimamie njiti.