Naomba ushauri: mdogo wangu, kibanda umiza na bisibisi kwenye begi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Nakaa Mbagala na mama pamoja na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha pili. Akitoka shule anapitiliza kibanda umiza. Pale ni sinema za kuchinjana tu, na DJ anayetafsiri anashangilia kila panga likishuka. Sasa yeye na wenzake wamejipa majina ya majambazi wa humo, na juzi nimekuta bisibisi iliyonolewa katikati ya madaftari. Eti ya kujilinda. Dar hii Panya Road ya 2022, yale makundi ya vijana wa mapanga, haijasahaulika, lazima niogope.

Mwenye kibanda nilimwomba asimpokee, akanijibu kiingilio ni kiingilio. Mjumbe kasema tuyamalize kifamilia. Mama anataka achapwe. Mimi sioni fimbo ikisaidia. Na sidhani ni sinema peke yake (hata mimi nimekulia vibandani humo humo), nahofia zaidi wale wakubwa anaokaa nao benchi moja.

Nikimpeleka kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, atasaidiwa au ataandikwa mhalifu? Na aliyewahi kumtoa kijana kwenye kundi la hivi bila kumhamisha shule, alianzia wapi?