Huyu mzee wa jumba kubwa ana akili timamu kweli???

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka hapa.

Nimetoka kusoma harusi ya kwenye ile riwaya ya Kiingereza, Jane Eyre. Bwana harusi mnamjua, jina silitaji, litanichafulia simu. Nilikuwa kwenye daladala, nashuka Ubungo. Nimekuja kushtuka konda anapiga kelele "Kimara mwisho!" Nauli ya kurudi nani ananilipa, yeye?

Binti wa miaka 18, yatima, mwalimu wa mtoto humo ndani, mshahara pauni 30 kwa MWAKA. Mzee mwenyewe anagonga 40, ana shamba, ana farasi. Haya, mapenzi hayachagui. Wamefika kanisani, kasisi yuko katikati ya maneno, mwanasheria anaibuka: bwana harusi ana mke. Mke yuko wapi? GHOROFANI! Nyumba hiyo hiyo! Usiku binti anasikia mtu anacheka juu, anaambiwa ni mshonaji.

Ghorofani, jamani. Si ungempangia hata chumba mtaa wa pili?

Na huyuhuyu ndiye aliyejivika madira ya bibi mpiga ramli, akafunika na uso, ili amchimbe binti siri za moyo. Baba mzima na ndevu zake! Akajifanya anaoa mrembo mwingine ili mtoto wa watu alie. Akalia. Na mimi nikalia, mama wa siti ya pili akanipa kanga yake nifute, akaniuliza tunazika lini.

Ameumbuka, ameona haya? Wapi. Anasema twende Ufaransa tukaishi tu.

GHOROFANI.

Mzee wa Kaunta: Kitabu cha 1847 halafu unatuamsha kama nyumba inaungua.

Kiroboto Sugu: Si ndiyo inaungua mbele huko 😂

Mleta uzi: WEWE! Sijafika huko!!

Ngosha Mpole: Dada, umechukia kama mahari ilikuja kwenu.

Mleta uzi: Mkuu, mke yuko GHOROFANI.

Bi Msafwari: Mimi huyo namsamehe. Nisiyemsamehe ni yule mchungaji, binamu yake Jane. Hampendi, anataka amuoe ampeleke India kwenye umisheni, na anamwambia usoni kuwa yeye kaumbiwa kazi, si mapenzi. Posa gani hiyo? Ni barua ya ajira.

Kiroboto Sugu: Bila posho.

Binti Mkunazini: Mnalia na Wazungu, Yasmin wa Vuta n'kuvute aliyeozwa kwa mzee muuza duka mmemsahau?

Mzee wa Kaunta: Hapo umenitonesha. Kuna mtu humu nilimwazima nakala yangu ya hicho kitabu tangu 2019. Anajijua.

Ngosha Mpole: Mkuu jalada lilishang'oka, nitakuletea.

Mzee wa Kaunta: KUMBE NI WEWE

Mama Pacha: Mimi nimekwama kwenye uji ulioungua wa shule ya Jane. Bweni letu maharage yalikuwa yanatembea yenyewe.

Kiroboto Sugu: Mlikuwa mnatoa wadudu? Sisi ndiyo ilikuwa nyama ya Jumatano.

Mleta uzi: Jamani, ghorofa…

Bi Msafwari: Subiri kwanza dada. Mama Pacha, na ugali wenu ulikuwa wa njano?