Redio ya kujiundia ya mita 40: frikwensi inatembea, naombeni ushauri

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naunda redio ya kupokea na kurusha sauti, bendi moja tu ya mita 40 (megahezi 7 hivi), kwa kufuata mchoro wa redio ya kujiundia uitwao BITX, wa Ashhar Farhan wa India. Upande wa kupokea umekubali, na usiku nasikia watu wa mbali hadi raha. Tatizo frikwensi haitulii. Namkamata mtu anaongea vizuri, muda si mrefu sauti inapanda inakuwa kama ya bata, mpaka nizungushe kitasa tena. Nikiwasha feni ndiyo inaharibika kabisa.

Osileta (saketi inayotengeneza frikwensi ya kutegea) ni ya koili na kapasita, inacheza kwenye megahezi 4.9 hivi, kristali za filta ni za 12, na 12 toa 4.9 ndiyo 7.1 ninayosikiliza. Kapasita ni zile za kauri za kahawia za Kariakoo. Nikomae nayo au ninunue moduli ya Si5351, ile chipu ya kutengeneza frikwensi kwa kristali? Transista ya mwisho ya kurushia, IRF510, bado sijaipa umeme.

Fundi Vingunguti
Mkuu, feni imeshakuonyesha mchawi: joto. Kauri za kawaida hubadilika thamani zikipata moto au baridi. Tafuta za NP0, yaani kauri zisizoyumbishwa na joto, mara nyingi zina alama nyeusi kichwani.

Kabla hujang'oa kitu, fanya hivi. Tega stesheni ya matangazo juu kidogo ya megahezi 7.2 hadi upate mluzi. Zima feni, sogeza pasi ya kulehemu ikiwa na moto karibu na kila kifaa cha osileta bila kugusa, subiri kidogo, sikiliza. Mluzi ukibadilika haraka, umempata mchawi. Ukishabadilisha, funika osileta kwa boksi la bati, mbali na regyuleta (ya kutuliza volti) na IRF510, maana hupata moto.

Mzee wa Mawimbi
Mimi nakwambia nunua Si5351, uiendeshe kwa kikompyuta kidogo cha Arduino Nano. Inategemea kristali, hutahangaika na joto la Dar. Ila ikinge kwa bati, maana skrini inayofungwa nayo huleta kelele kwenye spika.

Fundi Vingunguti
Mzee wangu, sikatai. Lakini dogo anajifunza, na koili ikitulia anakuwa ameielewa redio yake. Si5351 ataiweka baadaye.

Dada Saketi
Mimi naogopea hiyo IRF510. Bati lake la mgongoni limeungana na dreni (mguu wake wenye umeme), kwa hiyo weka mika, kile kikaratasi kisichopitisha umeme, kati yake na hitisinki ya kupoozea, la sivyo unapiga shoti. Shusha bayasi (volti ya kuiamsha transista) hadi mwisho kwanza, weka mita ya ampea kwenye waya wa volti 12, halafu panda taratibu.

Usianze na antena, kaka. Mahali pake unganisha rezista 20 za omu 1000, wati 2 kila moja, sambamba, zimeze nguvu wakati wa kujaribu. Unapata omu 50 zinazobeba wati 40. Ziwe za kaboni, zile za kuzungushiwa waya zina koili ndani. Na filta ya kutokea usiiruke, bila hiyo utasikika hadi megahezi 14 na 21.

Kusikiliza endelea, ila kurusha subiri leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na namba yako ya kuitwa hewani inayoanza na 5H. Ukishapata, antena ya waya ya mita 20, ukiugawa katikati, inatosha kabisa.

Kijana wa Tabata
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu ya pasi: koili imetulia, ila kapasita iliyo sambamba nayo, mluzi umekimbia hata sijaikaribia vizuri. Kesho naingia Kariakoo kusaka NP0. Kuna anayejua duka lenye mika na rezista za wati 2, au nikang'oe kwenye TV mbovu?

Dada Saketi
Mika ng'oa kwenye pawasapulai za zamani, ziko nzuri. Rezista nunua mpya.