Resiva inapoteza signali kila mangaribi, eti setilaiti za hali ya hewa zinapima "plazima"??

Himbi_Topo
Bandugu habari zenu. Mie ni mpimaji wa parseli hapa Goma, siku hizi kazi nyingi iko upande wa Buhene kule lava ya 2021 ilifunika mipaka, mtu anakuambia tu "kwangu ilikuwa karibu na mwembe" na mwembe wenyewe uko chini ya mawe. Sasa niko na resiva ya GPS naiacha juu ya paa inarekodi usiku kucha na batri ya gari, asubuhi nafungua faili nakuta kati ya 19h30 na 22h kuna mashimo, setilaiti tatu nne zinakatika, zinarudi, zinakatika tena. Patro anasema batri mbovu ama nimegusa miguu mitatu ya kusimamishia resiva. Nimebadilisha batri, waya, hata antena nimekopa ya rafiki. Wapi!

Jana kijana mmoja ananiambia ni plazima ya huko juu, na kwamba kuna setilaiti za hali ya hewa zinaipima. Mie plazima naijua ya hospitali, ya damu. Na setilaiti ya hali ya hewa si ya kupiga picha mawingu? Nielezeni bila hesabu nyingi tafadhali.

KadutuBoy
Mukubwa hiyo ni jamming, kuna mtu anavuruga signali makusudi, usisumbue watu na mambo ya damu 😂

FizikiaLshi
Kadutu polepole. Jamming ingegonga karibu zote mara moja, na haingojei jua lizame. Himbi, angalia kwenye faili, setilaiti zinazokatika ziko upande gani wa anga. Kama ni upande mmoja, na usumbufu unahama polepole kuelekea mashariki, basi kijana wako amesema kweli.

Plazima hiyo haihusiani na damu. Huko km 300 na zaidi mwanga wa jua unang'oa elektroni kwenye atomi, inabaki hewa ya ioni (atomi zilizong'olewa elektroni) na elektroni, mchana sehemu ndogo kama ncha ya kidole inaweza kuwa na elektroni milioni moja. Jua likizama tabaka la chini linaisha haraka, la juu linanyanyuka, sasa zito liko juu ya jepesi, ndipo mapovu matupu yanapanda kama uji ukitokota, mengine yanavuka km 1000. Signali ikipita humo inatetemeka mpaka resiva inaiachilia. Ikweta ya sumaku ya dunia, kule mapovu yanazaliwa, hapa Afrika haipiti Goma, iko kaskazini huko, inapita Ethiopia, na sisi tuko kusini yake kwenye mkanda ambao plazima inajazana. Mwezi wa 3 na wa 9 njo mbaya zaidi, na jua likichangamka kama 2024 ni balaa.

Sasa kupima. Mvua inanyesha wima, lakini ukiwa juu ya moto (pikipiki) na motari anakimbia, maji yote inakupiga usoni, si ndiyo? Setilaiti inakimbia kama km 7.5 kwa sekunde, inazishinda ioni mbio, kwa hiyo ioni zinaigonga mbele. Hapo mbele kuna kopo lenye neti nyembamba, nyuma ya neti kuna sahani inayopima umeme. Neti wanaitia voltaji wanapandisha kidogo kidogo: ioni ya hidrojeni ni nyepesi, hata volti moja inatosha kuirudisha, ya oksijeni ina uzito mara 16 inaendelea kupita mpaka karibu volti 5. Ukiangalia umeme unavyopungua unajua ni ioni gani, ngapi, na joto lake. Kopo la pili sahani yake imekatwa vipande 4, kipande cha kushoto kikipata nyingi kuliko cha kulia basi plazima inasukumwa ubavuni. Ni kama kushuka kwenye moto ukakuta bega moja limelowa zaidi.

Setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani, DMSP, zimebeba vitu hivyo miaka mingi kwa km 840 hivi. Zikiingia ndani ya povu mangaribi, hesabu ya ioni inaanguka mara 10, saa zingine mara 100.

KadutuBoy
Sawa yaya nimekubali 😅 Lakini setilaiti yenyewe ni chuma, inapita ndani ya umeme, haiharibu kipimo?

FizikiaLshi
Swali zuri kuliko lile la jamming. Inaharibu ndiyo. Chuma kinakusanya elektroni kinakuwa hasi, DMSP zikipita karibu na ncha za dunia zinaweza kufika mamia ya volti hasi, kwa hiyo lazima wapime na voltaji ya chombo chenyewe ndipo wasahihishe.

MamaAntena
Himbi, na swali lako la mawingu hakuna aliyelijibu. Watu wa hali ya hewa wanahitaji kuijua hiyo plazima kwa kazi yao. COSMIC-2, ni setilaiti 6 za Taiwan na Marekani, zilirushwa 25 Juni 2019, njia yake imeinama digrii 24 tu kutoka ikweta kwa hiyo zinazunguka huku kwetu kwenye tropiki. Zinasikiliza GPS ikizama nyuma ya dunia, signali inapinda kwenye hewa, wanatoa joto na unyevu wa kutabiri mvua. Lakini plazima nayo imeshaipinda! Lazima waiondoe kwanza, kwa masafa mawili, 1575.42 na 1227.60 MHz, yale yale resiva yako inatumia. Na wameweka kabisa kipima ioni humo ndani. Kwa kazi yako kata hayo masaa, hesabu na data ya kuanzia usiku wa manane mpaka asubuhi.

Himbi_Topo
Nimerudi. Nimefungua faili za siku 6. Zinazokatika karibu zote ziko kaskazini, zinaanza za magharibi halafu zile za mashariki, vile vile mulisema. Nimekata 19h mpaka 23h, pointi ya Buhene imetulia, siku zote 6 zinakubaliana ndani ya sentimita moja na nusu. Aksanti sana bakubwa.

Patro nimemuonyesha. Amesema sawa, lakini ninunue batri.