Husain walimfukuza kwao, leo wanajivunia bei ya picha zake!

Wakuu, nimechoka. Tangu Machi 2025 picha ya mchoraji wa India M. F. Husain iitwayo Gram Yatra ipigwe mnada New York kwa dola zaidi ya milioni 13, kila anayemtaja anataja hizo dola tu. Eti fahari ya India. Mzee huyohuyo alifia London akiwa na pasipoti ya Qatar, na hapo wote kimya. Inaudhi!

Hata picha yenyewe hawaitazami. Aliichora 1954, turubai la karibu mita 4 lenye vipande 13 vya maisha ya kijijini: kuna wanaosaga nafaka, kuna mkokoteni, kuna mkulima ambaye mkono wake umevuka mpaka wa kipande chake ukaishika ardhi ya kipande cha jirani. Aliyechora vile ni mtu aliyeipenda nchi yake. Alizaliwa Pandharpur, Maharashtra, 1915, akaanza maisha Bombay (Mumbai ya leo) kwa kupaka rangi mabango ya sinema. Mwaka 1947 yeye na wachoraji wenzake, Souza, Raza na wengine, wakaanzisha kundi lililobadili uchoraji wa India. Serikali ikampa nishani za Padma mara tatu, na 1986 ikamteua kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge.

Halafu 1996 jarida moja likafukua michoro yake ya miaka ya 1970 ya miungu ya Kihindu wakiwa uchi, moto ukawaka. Ahmedabad wenye hasira wakavamia nyumba ya sanaa wakaharibu kazi zake. Mei 1998 wakaingia nyumbani kwake Mumbai wakavunja vitu. Kesi dhidi yake zikafunguliwa mji huu na ule, mzee wa miaka 80 na ushee!

Msiniambie alidharau dini ya watu. Nendeni mkaangalie mahekalu ya Khajuraho, sanamu za uchi zimechongwa kwenye mawe karibu miaka elfu moja iliyopita. Na huyu Mwislamu alitumia miaka mingi kuchora Ramayana, utenzi mtakatifu wa Wahindu, turubai baada ya turubai. Kwa Waislamu wenzake nako hakupona: 2004 baadhi ya jumuiya zao zilipolalamikia wimbo kwenye filamu yake, akaiondoa kwenye majumba ya sinema.

Mwaka 2006 akaondoka India. Kinachoniuma zaidi ni cha 2008. Mahakama Kuu ya Delhi ilifuta mashtaka, na Jaji Sanjay Kishan Kaul akaandika kwamba mchoraji wa miaka 90 anastahili kuwa nyumbani kwake, akichora. Mahakama ya Juu nayo ikakataa kuifufua kesi. Sheria ilikuwa upande wake kabisa! Lakini mwaka huohuo maonyesho makubwa ya sanaa Delhi hayakutundika hata picha yake moja, kwa kuogopa fujo. Mtu arudi wapi hapo? 2010 akachukua uraia wa Qatar, na kwa kuwa India hairuhusu uraia wa nchi mbili, akarudisha pasipoti yake ya India. Juni 2011 akafariki, akazikwa makaburi ya Brookwood, Uingereza.

Sasa nyie mnaosema alijiondokea mwenyewe kwa hiari yake, njooni hapa mnijibu: waliovunja nyumba yake Mumbai mlitaka awasubiri tena? Na serikali iliyomvalisha nishani zote zile, ulinzi wake ulikuwa wapi?